Kugusa Simu au Kubonyeza Namba: Malipo ya Dukani Yanamfaa Nani?

Mteja anayenunua sukari Kariakoo, abiria wa matatu anayerudi Rongai na mtalii anayemaliza chakula cha jioni Nungwi wanaweza wote watatu kulipa kwa simu bila kutoa noti hata moja. Wa kwanza atabonyeza tarakimu za Lipa Namba iliyobandikwa ukutani. Wa pili atatuma nauli kwenye namba aliyotajiwa na kondakta. Wa tatu atasogeza simu yake karibu na kimashine alichokishika mhudumu, kitalia mara moja, naye atainuka aende zake. Ukiwatazama kwa haraka utadhani ni wawili walioachwa nyuma na mmoja aliyetangulia. Ndivyo matangazo ya kampuni za kadi yanavyotaka tuone, na ndivyo wengi wetu tunavyojisemea tukirudi kutoka London au Dubai: wenzetu wanagusa tu, sisi bado tunabonyeza.

Mimi sioni hivyo. Kwa mnunuzi, kugusa na kubonyeza hutofautiana kwa nusu dakika hivi. Tofauti kubwa iko kwa aliye upande wa pili wa meza, yaani muuzaji. Anayetaka kujua ni njia ipi itakayodumu katika maduka na migahawa ya Afrika Mashariki na amtazame huyo: fedha inamfikia lini, inamfikia ikiwa imekatwa kiasi gani, na akitaka kuitumia itamgharimu nini. Wepesi wa mkono wa mteja unakuja baada ya hayo.

Tuanze na kugusa kwenyewe. Simu yenye uwezo huo ina kifaa kidogo cha NFC ndani yake, kinachowasiliana kwa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56 kwa umbali wa sentimita chache tu. Namba halisi ya kadi haitolewi kwa muuzaji. Simu hutumia namba mbadala, na kila malipo huambatana na msimbo wa kutumika mara moja, hivyo hata mwizi akinasa mawasiliano ya leo hayatamsaidia kesho. Mteja huthibitisha kwa kidole, kwa sura au kwa namba ya siri. Ombi hutoka kwenye kimashine, likaenda benki ya muuzaji, likapita mtandao wa Visa au Mastercard, likafika benki ya mteja, na jibu likarudi njia ileile, yote kwa muda wa kuvuta pumzi. Kwa upande wa usalama, huu ni utaratibu mzuri kuliko karibu njia nyingine yoyote ya kulipa dukani, na nasema hivyo bila kusita. Lakini kimashine kinapolia, fedha yenyewe bado haijatembea. Muuzaji amepewa ahadi. Fedha itamfikia baadaye, mara nyingi siku ya kazi inayofuata au zaidi, ikiwa imeshakatwa ada.

Wajapani ndio waliotangulia kulipa kwa simu namna hii. Kampuni ya NTT DoCoMo iliwaletea huduma hiyo mwaka 2004 kwa teknolojia ya FeliCa ya Sony. Apple Pay ilianza Marekani Oktoba 2014 na kuingia Uingereza Julai 2015. Wakati huo mabasi ya London yalikuwa yamekwisha kuanza kupokea kadi za kugusa tangu Desemba 2012, na treni za chini ya ardhi tangu Septemba 2014. Korona ilipoingia, Waingereza walipandisha kiwango cha malipo ya kadi ya kugusa kutoka pauni 30 hadi 45 Aprili 2020, kisha pauni 100 Oktoba 2021. Katika safari yote hiyo simu haikuvumbua njia mpya ya fedha. Ilichukua nafasi ya kadi ambayo tayari ilikuwa katika kila mfuko, ikakutana na kimashine ambacho tayari kilikuwa juu ya kila kaunta.

Kwetu hakukuwa na kadi katika kila mfuko, wala kimashine juu ya kila kaunta. M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007, na Vodacom walipoileta Tanzania mwaka uliofuata, kazi yake ilikuwa kutuma fedha kwa mtu wako: mama aliye kijijini, mdogo wako aliye shuleni. Biashara iliingia yenyewe. Wenye maduka walianza kupokea malipo kwenye namba zao binafsi muda mrefu kabla ya kampuni kuwatengenezea huduma. Safaricom walikuja na Lipa na M-Pesa mwaka 2013; huku Tanzania vikaja vibandiko vya Lipa kwa M-Pesa, vya Tigo Pesa ambayo sasa ni Mixx by Yas, vya Airtel Money na vya Halopesa. Leo utavikuta saluni, duka la dawa, kituo cha mafuta, na kwenye kibanda cha mama ntilie.

Hapa ndipo mifumo miwili inapoachana, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Katika kugusa, muuzaji ndiye anayevuta. Kimashine chake kinaomba fedha kutoka kwa mteja, na mteja anaridhia. Katika Lipa Namba, mteja ndiye anayesukuma. Anaanza yeye, anataja namba ya biashara, anaandika kiasi, anasoma jina linalojitokeza, anaweka namba ya siri, na fedha inahama papo hapo kutoka akaunti yake kwenda ya muuzaji. Ujumbe unaingia pande zote mbili.

Kwa kuwa mteja ndiye anayesukuma, muuzaji hahitaji kuwa na chochote zaidi ya kibandiko na simu, hata iwe kitochi. Hahitaji umeme dukani, karatasi za risiti, wala mkataba wa mashine na benki. Mwanamke anayekaanga samaki Feri anaweza kupokea malipo ya mtu asiyemjua kabisa, na fedha ikawa kwenye laini yake kabla samaki hajafungwa kwenye gazeti. Jioni hiyohiyo anaweza kumlipa mvuvi, kununua mafuta ya kesho au kutuma ada ya mtoto. Mwenye hoteli kubwa anaweza kusubiri benki mpaka Jumatatu. Anayezungusha mtaji wa shilingi 80,000 kila siku hawezi. Fedha ya leo ndiyo mzigo wa kesho.

Kuna pia suala la chenji, ambalo wasomi wa mifumo ya malipo huliona dogo na wenye maduka huliona kubwa. Asubuhi mteja wa kwanza anakuja na noti ya shilingi 10,000 kununua mkate. Muuzaji anazunguka maduka ya jirani akitafuta noti ndogo, huku duka limebaki na mtoto, au anampa mteja pipi na kiberiti badala ya shilingi zake. Malipo ya simu yanalipa kiasi kilekile kinachodaiwa, shilingi kwa shilingi. Kwa biashara nyingi ndogo nilizozitazama, hili ndilo lililowashawishi kubandika namba ukutani.

Tuje kwenye makato. Nchini Kenya mteja anayelipa kwenye nambari ya Till, ambayo ndiyo Lipa Namba ya huko, hakatwi kitu. Muuzaji ndiye hukatwa, takriban nusu ya asilimia, na mauzo madogo yasiyozidi shilingi 200 za Kenya hayakatwi. Ada ya kupokea kadi mara nyingi hufika asilimia 2 au zaidi. Tuseme duka la unga na sukari limeuza shilingi 100,000 za Tanzania na faida yake ni 5,000. Ada ya asilimia 2.5 inachukua 2,500, yaani nusu ya faida. Hoteli ya Zanzibar inaweza kubeba ada hiyo kwa sababu imeiweka ndani ya bei ya chumba, na mgeni wake haulizi. Tangu Machi 2025, Tanzania ilipopiga marufuku kutangaza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, mgeni asiye na shilingi mkononi ana sababu zaidi ya kugusa kadi au simu yake. Hapo kimashine kiko mahali pake. Kwenye duka la mtaani, ada ileile inamla muuzaji.

Hata hivyo sitaki kuficha udhaifu wa kusukuma, na mahali unapoonekana wazi zaidi ni mgahawani. Dukani muuzaji mara nyingi ndiye mwenye duka, na simu inayopokea ujumbe iko mkononi mwake. Mgahawani kuna watu watatu: mteja, mhudumu na mwenye mgahawa. Mteja analipa bili ya shilingi 46,000, ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenye mgahawa, ambaye huenda yuko safarini au kwenye kikao. Mhudumu hana alichokiona isipokuwa kioo cha simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi unatengenezwa kwa urahisi, na wako wahudumu waliokatwa mshahara kwa sababu waliamini walichoonyeshwa. Wengine hawamruhusu mteja kuinuka mpaka wampigie bosi, na mteja mwaminifu anakaa hapo dakika kumi akitazamwa kama mwizi.

Mwenye mgahawa naye ana hofu yake. Mhudumu asiye mwaminifu humwambia mteja kuwa namba ya mgahawa ina tatizo, amtumie yeye. Fedha inaingia kwenye laini binafsi, na hesabu za jioni hazilingani. Kimashine cha kugusa kinaondoa matatizo haya yote mawili kwa mkupuo: kiasi kinaandikwa mbele ya mteja, jibu linaonekana kwa mhudumu, na fedha haina njia nyingine ya kupita. Kwa maoni yangu huu ndio ubora halisi wa kugusa, na ni mkubwa kuliko sekunde zinazookolewa.

Lakini tatizo hili linatibika pasipo kimashine cha kadi. India, ambako watu wanalipa kwa kuskani QR chini ya mfumo wa UPI ulioanza mwaka 2016, wauzaji wengi wana spika ndogo juu ya meza inayotamka kiasi kilichoingia. Mhudumu anasikia, mteja anasikia, na mwenye biashara hahitaji kupigiwa simu. Kuruhusu simu za wasaidizi zipokee ujumbe wa namba ya biashara, bila wao kuweza kugusa fedha, ni tiba nyingine rahisi, na kampuni za simu zingeifanya iwe sehemu ya kawaida ya kila Lipa Namba. Jambo moja la pembeni: bakshishi. Ukiiongeza kwenye bili ya kimashine inakwenda kwa mwenye mgahawa, na mhudumu anabaki kutegemea moyo wa bosi wake. Ukimtumia kwenye namba yake, imemfikia. Ninapokula nje hufanya hivyo, bili kwenye namba ya mgahawa na bakshishi kwa aliyenihudumia.

Ni wapi basi kasi inakuwa jambo la kwanza? Kwenye foleni. Mamlaka ya usafiri ya London ilitaka kila mguso kwenye lango lake uchukue chini ya nusu sekunde, kwa sababu ukizidi hapo watu wanarundikana. Hakuna anayeweza kubonyeza *150*00#, kuchagua, kuandika namba, kiasi na namba ya siri kwa nusu sekunde, tena asubuhi kituo cha mwendokasi cha Kimara, mkoba begani na watu nyuma yako. Kwenye kivuko cha Kigamboni na kwenye milango ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, kadi ya N-Card imekuwa na kazi ya maana kwa sababu hiyohiyo. Kigali ilianza kutumia kadi za Tap&Go kwenye mabasi mwishoni mwa mwaka 2015, na zikashika.

Nairobi ilijaribu kabla ya Kigali, na ikashindwa. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay kwa abiria wa matatu. Teknolojia ilikuwa sawa: kadi ya kugusa, simu ya kondakta yenye NFC, risiti kwa ujumbe mfupi. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli zote zilipwe kwa kadi, agizo likakwama, na mapema mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Aliyeyaua malipo yale hakuwa abiria. Dereva na kondakta wa matatu wanaishi kwa fedha ya siku: wanatoa hesabu ya tajiri, wanaweka mafuta, wanamaliza madai ya barabarani, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Kadi ilipeleka fedha yote benki kwa tajiri, ikawaacha mikono mitupu mpaka baadaye. Kigali ilifaulu kwa kuwa mabasi yake yalikuwa yamekwisha kugawanywa kwa kampuni chache zenye mikataba ya njia. Wakenya waliokataa kugusa kadi ya BebaPay leo wanalipa nauli kwa M-Pesa kila siku bila kulazimishwa, maana fedha inafika kwenye simu ya aliye ndani ya gari, na anaweza kuitumia palepale.

Jaribio la Nakuru lafaa kutajwa pia. Mwaka 2017 Safaricom walijaribisha huko huduma ya 1Tap: mteja alipewa kadi, kibandiko au bangili yenye NFC, akaigusisha kwenye kifaa cha muuzaji badala ya kuandika namba ya Till. Wazo lilikuwa zuri, kwani liliweka wepesi wa kugusa juu ya fedha ya simu yenyewe, bila kadi ya benki. Lakini lilirudisha kile ambacho Till ilikuwa imekiondoa, yaani kifaa kwa muuzaji. Halikuenea. Mpaka sasa simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu hazina NFC kabisa, na wenye vitochi hawana hata mahali pa kuanzia.

Hatua iliyoleta manufaa makubwa kuliko mguso wowote ni ile isiyopigiwa tarumbeta: kuunganisha mitandao. Kwa miaka mingi duka moja la Dar es Salaam lilikuwa na vibandiko vinne au vitano, kila kampuni na chake, na muuzaji alikuwa na simu tatu chini ya meza. Mteja wa Airtel aliyekuta kibandiko cha Vodacom peke yake alirudi kwenye noti. Benki Kuu ya Tanzania imejenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu, na kuweka kiwango kimoja cha QR cha taifa, TANQR. Nchini Kenya, Aprili 2022, wateja wa mitandao mingine walianza kuweza kulipa kwenye nambari za Till za Safaricom, na mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya ikatoa kiwango chake cha QR. QR yenyewe bado inasuasua kwetu: inataka kamera nzuri na bando, na wateja wengi wanaisoma namba iliyoandikwa chini yake na kuibonyeza kama kawaida. Si neno. Kilicho muhimu ni kwamba namba moja inapokea kutoka kwa wote.

Sasa serikali. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya iliondoa makato kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, na Rwanda nayo ikafuta ada. Watu walihamia kwenye simu, wengi wao wakabaki huko. Tanzania ilikwenda upande mwingine: kuanzia tarehe 15 Julai 2021 ikaweka tozo kwenye kutuma na kutoa fedha, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Malalamiko yalikuwa makubwa, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na ikapunguzwa tena mwaka 2022. Watetezi wake walisema haikugusa malipo ya dukani. Hoja hiyo ilisahau kwamba mtu hulipa dukani kwa salio alilotumiwa. Akiogopa kutumiwa, au aliyemtumia akiogopa kutuma, salio halipo, na Lipa Namba ukutani inabaki pambo. Njia ya fedha ya simu ni moja tangu kuweka hadi kutoa. Ukiziba mahali pamoja umeziba kote.

Katika bajeti ya mwaka 2025/26 serikali ya Tanzania ilipendekeza kupunguza VAT kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa mwisho anayelipa kwa njia ya kielektroniki. Naliona kuwa jambo jema, kwa sababu linamvuta mnunuzi badala ya kumsukuma. Halimfikii, hata hivyo, muuzaji mdogo asiyesajiliwa kwa VAT, na huyo ndiye mwenye hofu kubwa zaidi. Kila malipo kwenye Lipa Namba ni rekodi, na rekodi inaweza kusomwa na mamlaka ya kodi, TRA kwa Tanzania au KRA kwa Kenya. Ndiyo maana wako wanaokuambia mtandao unasumbua wakati mtandao hauna tatizo. Wanapokea noti kwa makusudi. Ujumla wa fedha iliyopita kwenye namba si faida, na mfanyabiashara anayeogopa kukadiriwa kodi kwa mauzo ghafi ana sababu ya kuogopa. Mamlaka za kodi zikisema hadharani, kwa maandishi, jinsi zitakavyotumia rekodi hizo na jinsi hazitakavyozitumia, vibandiko vitaongezeka bila tangazo lolote. Rekodi hizohizo zinaweza kumsaidia muuzaji apate mkopo, jambo ambalo daftari la noti halimpi.

Kuhusu usalama, kila njia ina wezi wake. Anayebonyeza namba ya siri kwenye foleni huchunguliwa. Laini hutekwa kwa kusajiliwa upya kwa hila. Mfumo ambapo muuzaji anauliza namba ya simu yako ili akutumie ombi la malipo unakufanya uitaje kwa sauti mbele ya watu usiowajua, na wanawake wengi wamepigiwa simu za usumbufu baada ya kulipia manunuzi yao. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022; namba ya mteja haipaswi kabisa kubaki kwa keshia. Hapa mguso una heshima zaidi kwa mnunuzi, maana haumtaji kwa lolote.

Uthabiti ni habari nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Malipo ya kubonyeza kwa *150*00# hayategemei bando la mteja, hupita kwenye mtandao wa simu wa kawaida, na hii ni nguvu ambayo hatupaswi kuitupa kwa haraka ya kufuata programu zenye picha nzuri. Lakini mtambo wa kampuni moja kubwa ukisimama, nchi nzima inasimama na mifuko mitupu. Noti lazima ibaki, na duka lisipewe ruhusa ya kuikataa.

Linabaki swali la umiliki. Mguso unaotujia leo kupitia Apple, Google, Visa na Mastercard unafanya kila kikombe cha chai kinacholipiwa Arusha kiache ada kwa kampuni zisizo na ofisi za maamuzi hapa. Apple ilifunga kifaa cha NFC cha simu zake kwa miaka mingi, huduma nyingine za malipo zisikitumie, mpaka Tume ya Ulaya ilipopata ahadi zake za kukifungua Julai 2024. Umoja wa nchi 27 ulihitajika kupata hilo. Ila kugusa si lazima kuwe mali ya kampuni hizo. Brazil ilianzisha Pix, mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa benki kuu yake, Novemba 2020, bure kwa watu binafsi. Ilianza kwa namba na QR, ikajenga mazoea, ikafika kila genge la matunda. Februari 2025 ndipo ikaongeza kulipa kwa kugusa, juu ya mfumo wake yenyewe.

Naona huo ndio mpangilio unaotufaa. TIPS ipo Tanzania, na Kenya ina miaka mingi ya uzoefu wa Till. Kwanza malipo ya dukani yawe bila makato kwa kiasi kidogo, kwa muuzaji na kwa mnunuzi, kwa sheria na si kwa hisani ya msimu. Kisha muuzaji aweze kumlipa aliyemletea mzigo kutoka kwenye namba ya biashara bila kukatwa kama anayetoa, na msaidizi wake aone ujumbe. Kugusa kuletwe mwanzo kwenye vituo vya mabasi, vivuko na viwanja, na kuunganishwe na salio la simu ambalo watu tayari wanalo. Benki Kuu zina mamlaka ya kuagiza haya yote, na zilishaonyesha mwaka 2020 kwamba zikiagiza, kampuni hutekeleza.

Nawe msomaji, ukilipa kwa simu, lipa kwenye namba ya biashara na si ya mhudumu, soma jina kabla ya kuweka namba ya siri, na subiri muuzaji aone ujumbe kwenye simu yake ndipo uondoke.